Viti Viwili vya Adam Sapi Mkwawa: Sheria, Siasa na Lugha katika Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi

Historia ya sheria katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kuwafuata mawakili, majaji na vitabu vyao. Kwa kipimo hicho, Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani Iringa, Mbeya na maeneo yanayozizunguka, hazikuwa na mwanasheria hata mmoja katika karne ya 19. Hata hivyo, katika nchi hiyo kesi zilisikilizwa, fidia zilitozwa, mipaka iligawanywa na mapatano yalifungwa. Kilichokosekana ni jina la kazi, si kazi yenyewe. Aliyeifanya ni mtawala, na siasa na sheria zilikaa katika kiti kimoja.

Mhadhara huu unachunguza jinsi mambo hayo mawili yalivyotenganishwa, kwa kuyafuata maisha ya mtu mmoja. Adam Sapi Mkwawa alizaliwa mwaka 1920, akawa mtwa wa Wahehe mwaka 1940, akashika kiti cha Spika wa Bunge mwaka 1962, na kufariki dunia mwaka 1999. Babu yake, Mkwawa, ndiye aliyeupinga utawala wa Wajerumani katika miaka ya 1890. Vizazi vitatu vya ukoo huo vinatosha kuonyesha safari nzima, kutoka hukumu inayotamkwa na mtawala hadi sheria inayopitishwa kwa kura.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba safari hiyo ilikuwa pia safari ya lugha. Mamlaka yalipohama kutoka kwa mtu kwenda kwenye utaratibu, Kiswahili ndicho kilichokuwa chombo cha kuhamia. Lakini chombo hicho kilifika nusu ya njia. Kiliupata ukumbi wa mjadala mapema, na kilikawia kwa takriban miongo sita kukipata kitabu cha sheria.

2.0 Mtwa, Sultani, Chifu

Katikati ya karne ya 19, Munyigumba wa ukoo wa Muyinga aliziunganisha tawala ndogondogo za Uhehe chini ya mamlaka moja. Alipofariki, mnamo mwaka 1879, ulizuka ugomvi wa urithi, na hatimaye mwanawe Mkwawa akatawala kutoka Kalenga, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Chini ya mtwa walikuwapo wazagila, watawala wa sehemu mbalimbali za nchi, ambao walisikiliza mashauri ya watu wao. Asiyeridhika aliweza kulipeleka shauri lake kwa mtwa. Kwa hiyo palikuwa na ngazi, palikuwa na rufaa, na palikuwa na mahali ambapo maneno yaliishia.

Siasa ya nje ya utawala huo iliigusa moja kwa moja nchi ambayo leo ni ya Mbeya. Wasangu wa Merere, waliokuwa na nguvu kabla ya Wahehe, walisukumwa magharibi wakaacha nchi yao ya Usangu, na Merere akajenga ngome Utengule, si mbali na mahali uliposimama baadaye mji wa Mbeya. Wajerumani walipoingia, Merere alishirikiana nao dhidi ya adui yake wa zamani, na katika miaka ya 1890 watu wake wakarudi Usangu. Mwanahistoria akimwita mmoja shujaa na mwingine msaliti, atakuwa ameruka hesabu ambayo kila mtawala wa wakati ule alilazimika kuipiga: nani wa kuungana naye ili watu wake wabaki na ardhi.

Matukio ya vita yanajulikana. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Emil von Zelewski lilishindwa Lugalo na yeye mwenyewe akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894, Kalenga ilianguka mbele ya jeshi la Friedrich von Schele. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua badala ya kukamatwa. Kichwa chake kikachukuliwa.

Kwa mwanaisimu, kilichobaki katika maandishi ya kipindi hicho ni mabadiliko ya cheo. Kwa watu wake alikuwa mtwa. Katika maandishi ya Wajerumani akaitwa sultani, neno la Kiarabu lililofika bara kwa njia ya misafara na kupewa kila mtawala bila kujali cheo chake kwao. Waingereza nao wakaleta chifu. Maneno hayo matatu si visawe. Mtwa alipata mamlaka yake kutoka ndani, kwa ukoo na kwa ushindi. Sultani lilikuwa jina la kumtambulisha kwa wageni. Chifu alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, ambaye angeweza kuteuliwa na angeweza kuondolewa. Adam Sapi alirithi neno la kwanza lakini akatawala kwa masharti ya neno la tatu.

3.0 Baraza lisilo na Wakili

Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza chini ya Gavana Donald Cameron ilianza kutawala Tanganyika kwa kuwatumia watawala wa jadi. Iringa, Sapi, mwana wa Mkwawa, alitambuliwa kuwa mtawala wa Wahehe. Mwaka 1929 ilitungwa sheria iliyoyaweka mabaraza ya machifu chini ya maofisa wa utawala, nje ya usimamizi wa Mahakama Kuu. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo kumtetea mtu.

Sababu iliyotolewa ni kwamba wakili angevuruga haki ya kienyeji kwa ufundi wa Kiingereza. Hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa mtu maskini wa kijijini hakuwa na fedha za kumlipa wakili. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa zaidi ya sababu. Katika majimbo ya bara, chifu alibaki kuwa mtawala, mkusanyaji wa kodi na hakimu kwa wakati mmoja, na aliyeonewa naye hakuwa na mtu wa kusema kwa niaba yake mbele ya mtu mwingine. Ndiyo maana swali la nani alikuwa mwanasheria wa Iringa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 lina jibu lile lile la karne iliyotangulia. Mwanasheria alikuwa chifu mwenyewe, pamoja na wazee walioketi naye.

Utawala huo ulichunguzwa mapema. Mwaka 1935 mwanaanthropolojia G. Gordon Brown na ofisa wa utawala Bruce Hutt walichapisha kitabu kilichotokana na uchunguzi wao wilayani Iringa, wakijiuliza mtawala anahitaji kujua nini kuhusu watu anaowatawala ili aamue vizuri. Swali lao lilikuwa la kiutawala, lakini limeacha picha ya jinsi Wahehe walivyoendesha mashauri yao.

Adam Sapi alishika nafasi ya baba yake mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Kiti alichokikalia kilikuwa na lugha tatu. Mdai na mdaiwa walisema Kihehe. Karani wa baraza aliandika Kiswahili. Bwana shauri alipokagua daftari aliandika maoni yake kwa Kiingereza. Kila shauri lilivuka mito miwili kabla ya kufika mahali ambapo lingeweza kubatilishwa, na katika kila kivuko maana iliweza kupunguka au kuongezeka.

Neno lenyewe shauri linastahili kutazamwa. Katika Kiswahili lina maana ya ushauri, ya jambo linalojadiliwa, na ya kesi. Cheo cha bwana shauri kilizibeba maana zote tatu kwa pamoja. Kiingereza cha mahakama huzitenganisha maana hizo, kwa kuwa hakimu hatakiwi kuwa mshauri wa yeyote. Katika baraza la chifu, kinyume chake, kumaliza ugomvi bila kuwapatanisha wagomvi kulihesabiwa kuwa kazi isiyokwisha. Kiswahili cha daftari la baraza kilihifadhi mtazamo huo hata pale sheria ya mkoloni ilipodai mwingine.

4.0 Fuvu katika Mkataba

Kuna waraka mmoja wa sheria uliohusu ukoo huu na ambao hakuna Mhehe aliyeshiriki kuuandika. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Kifungu hicho hicho kiliagiza pia kurudishwa kwa msahafu wa Khalifa Uthmani kwa mfalme wa Hijazi. Mambo hayo mawili yaliwekwa pamoja kwa sababu wenye kuandika waliona yote ni alama za heshima zilizochukuliwa na aliyeshindwa.

Miezi sita ikawa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako fuvu moja lilichaguliwa, na mwaka 1954 alilikabidhi kwa Adam Sapi huko Kalenga mbele ya umati wa watu. Fuvu hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga hadi leo.

Tukio hilo hutajwa kama ushindi wa kumbukumbu, na kwa hakika lilikuwa hivyo. Lakini lina upande wa pili. Gavana alikuwa anamrudishia mjukuu kichwa cha babu yake katika mwaka ule ule ambao TANU ilianzishwa, na serikali ilihitaji machifu wabaki upande wake. Adam Sapi alipokea kilichokuwa haki ya ukoo wake kutoka katika mkono uliotaka malipo ya kisiasa. Kupokea kusingeweza kuepukwa. Lililobaki ni jinsi ya kukitumia kiti baada ya hapo.

5.0 Kiti cha Pili

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945, na kabla ya muongo huo kwisha Adam Sapi naye alikuwa miongoni mwa wajumbe. Shughuli ziliendeshwa kwa Kiingereza. Waliteuliwa machifu kwa kuwa serikali iliamini kwamba wao ndio sauti ya watu, imani ambayo chaguzi za 1958 na 1959 ziliiweka kando pale TANU ilipopata ushindi mkubwa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na Jamhuri ikazaliwa mwaka mmoja baadaye. Spika wakati wa Uhuru alikuwa A. Y. A. Karimjee. Mwishoni mwa mwaka 1962 Adam Sapi alikishika kiti hicho, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Bunge la nchi hiyo. Mwaka uliofuata sheria ya kufuta mamlaka ya machifu ilikamilisha kazi ambayo serikali ya TANU ilikuwa imekwisha kuianza.

Mfuatano huo hauna budi kusisitizwa. Katika muda wa miezi michache mtu yule yule aliacha kiti alichokirithi kwa damu na kukaa katika kiti alichopewa kwa kura. Bunge lile lile lililoongozwa naye ndilo lililokuwa na uwezo wa kufuta uchifu. Machifu wengine wengi wa Tanganyika walirudi majumbani mwao, au wakawa watumishi wa kawaida wa serikali. Yeye alipelekwa mahali ambapo ujuzi wa baraza ungetumika upya, bila mamlaka ya kuhukumu.

Spika ni cheo cha ajabu kwa jina lake. Neno la Kiingereza lina maana ya msemaji, kwa kuwa katika karne ya 14 kazi ya mtu huyo ilikuwa kumsemea mfalme yale yaliyoamuliwa na Bunge. Kadiri miaka ilivyopita, msemaji akawa mtu asiyesema. Mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza alipoingia bungeni kuwakamata wabunge watano, Spika William Lenthall alimjibu kwamba hana macho wala ulimi ila kwa ruhusa ya Bunge. Kiswahili kilichukua neno hilo kwa sauti tu, na hivyo kikaepuka mkanganyiko huo. Kwa msikilizaji wa Iringa au Mbeya, spika si msemaji. Ni anayeitwa kwanza kila mtu anapotaka kusema, na ambaye wote wanamtolea yao. Wahenga walikwisha kusema kuwa mkubwa ni jalala.

6.0 Lugha ya Ukumbi na Lugha ya Kitabu

Katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, Kiswahili kilianza kusikika baada ya Uhuru, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ndicho kilikuwa lugha kuu ya mijadala. Mwaka 1967 serikali iliamua kitumike katika shughuli zake, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa.

Mwenye kuchunguza msamiati wa Bunge la wakati huo ataona kwamba haukutokana na tafsiri peke yake. Hoja, mswada, katiba na sheria ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyokuwamo katika Kiswahili cha pwani. Fimbo ya heshima ya Bunge iliitwa siwa, jina la baragumu kubwa la wafalme wa Pate na Lamu, ingawa kwa umbo vitu hivyo viwili havifanani. Waliochagua jina hilo walitazama kazi yake, kwa kuwa vyote viwili ni alama kwamba mamlaka yapo mahali hapo. Nalo tendo la kutunga sheria limetumia kitenzi kile kile cha kutunga shairi na kutunga shanga. Kitenzi hicho kinasisitiza mpangilio wa kitu kimoja baada ya kingine katika uzi mmoja, na hilo hasa ndilo linalotakiwa katika vifungu vya sheria.

Taratibu nazo zikapata maneno yake. Mbunge alianza kwa kusema Mheshimiwa Spika, akamaliza kwa kuomba kutoa hoja, na wanaoafiki wakaambiwa waseme ndiyo. Fomula hizo, zilizorudiwa maelfu ya mara chini ya Spika mmoja, zilimwezesha mkulima wa Rungwe au Mufindi kufuata kwa redio jinsi jambo linavyopita au linavyokataliwa. Hapo awali alikuwa akiletewa uamuzi tu.

Hata hivyo, mswada ulioletwa mezani uliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walijadili kwa Kiswahili maandishi ambayo baadhi yao hawakuweza kuyasoma kwa ukamilifu. Wataalamu walilitambua tatizo hilo mapema. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, alishughulikia istilahi za Kiswahili za kisheria katika muongo huo. Istilahi zilikuwapo, ila uamuzi wa kuzitumia ndio uliokosekana.

Katika Mahakama za Mwanzo hali ilikuwa tofauti. Mahakama hizo, zilizowekwa na sheria ya mwaka 1963 badala ya mahakama zilizotokana na mabaraza ya machifu, ziliendeshwa kwa Kiswahili. Hakimu aliketi pamoja na wazee wa baraza. Jina hilo ni mabaki ya moja kwa moja ya baraza la zamani: chifu aliondolewa, wazee wakabaki. Lakini shauri lilipokatiwa rufaa na kupanda ngazi, lilikuta kumbukumbu na hukumu za Kiingereza. Mito miwili ya mwaka 1940 ilikuwa imepungua, nao mmoja uliobaki ndio uliokuwa mpana.

7.0 Mipaka ya Kiti

Itakuwa ni kumpamba Adam Sapi isivyostahili kudai kwamba kiti chake kililinda kila sauti. Kuanzia mwaka 1965 nchi ilikuwa na chama kimoja kisheria, na kiti cha mbunge kilitegemea uanachama. Mwaka 1968 TANU ilipowafukuza wanachama kadhaa, wakiwamo wabunge, waliofukuzwa walipoteza na viti vyao. Uamuzi ulifanywa nje ya ukumbi, na hakuna kanuni ya Spika iliyoweza kuuzuia. Utaratibu wa kusema ulikuwa umelindwa vizuri, ila haki ya kuwamo miongoni mwa wasemaji haikulindwa.

Aliongoza Bunge hadi mwaka 1973, Erasto Mang'enya akashika nafasi hiyo kwa miaka miwili, kisha akarudi mwaka 1975 na kubaki hadi mwaka 1994, alipofuatwa na Pius Msekwa. Katika kipindi hicho cha pili ilipitishwa Katiba ya mwaka 1977, na mwaka 1992 mabadiliko yake yaliyorudisha vyama vingi.

Mwaka 1993, wabunge waliokuja kujulikana kama G55 walileta hoja ya kutaka iwepo Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mtoa hoja alikuwa Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa mkoani Mbeya. Bunge, ambalo bado lilikuwa la chama kimoja kwa wanachama wake, liliikubali hoja hiyo kwa maelewano na serikali. Mwaka 1994, baada ya Mwalimu Nyerere kuipinga waziwazi, uamuzi ukageuzwa. Hapo panaonekana mafanikio na upungufu wa kiti kwa pamoja. Mbunge wa jimbo la pembezoni aliweza kuuliza swali gumu kuliko yote kwa lugha ambayo kila raia aliielewa, na akasikilizwa hadi mwisho. Jibu, kama mwaka 1968, lilitoka kwingine.

8.0 Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, huku Kiingereza kikiruhusiwa katika hali maalumu. Miaka 59 ilikuwa imepita tangu Adam Sapi Mkwawa akikalie kiti cha Spika. Kazi ya kuzitafsiri sheria zilizokwisha kutungwa haikuwa ndogo, wala haikuwa kazi ya watafsiri wa sheria pekee.

Wanafunzi wa Kiswahili wana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuyasoma Majadiliano ya Bunge ya miaka 1962 hadi 1994 kama matini ya lugha, ili ionekane ni istilahi zipi zilizozaliwa katika mjadala na zipi zilizoletwa zikiwa tayari. La pili ni kurudi kwenye madaftari ya mabaraza ya machifu wa Iringa na Mbeya, palipo na Kiswahili cha makarani waliolazimika kutafuta neno la Kiswahili kwa madai yaliyosemwa Kihehe, Kisangu au Kinyakyusa. Makarani hao walikuwa watafsiri wa sheria kabla ya kazi hiyo kuwa na jina. Mfasiri wa leo anayetafuta neno la Kiswahili kwa kifungu cha Kiingereza atafanya vyema kuanza kwa kutazama wao waliandika nini.